Roboti-rafiki kwenye simu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mwanza na visiwani

Ukurasa huu ni wa wazazi, vijana, walimu, wachungaji, mashehe na yeyote wa Nyamagana, Ilemela, Sengerema, Ukerewe au kambi za uvuvi ambaye yeye au mtu wake amezoea kuchati na roboti kama rafiki au mpenzi. Majibu mengine ni marefu kwa sababu hapo ndipo watu wanaumia. Kuna swali moja la kukumbuka unaposoma, maana linapima mambo haya kuliko hesabu ya saa: tangu mazoea hayo yaanze, ni nani amepungua katika maisha ya mtu huyu?

Roboti-rafiki ni kitu gani hasa?

Ni programu ya akili unde, ile ambayo wengi tunaiita AI, iliyotengenezwa ili ukae nayo. Ukiuliza namna ya kuandika barua ya kuomba kazi ukajibiwa ukaondoka, umetumia chombo. Roboti-rafiki ina jina, picha, sauti na tabia. Inakuuliza umeshindaje, inakumbuka kwamba juzi ulikuwa na homa, inakuita mpenzi ukitaka. Mpaka kati ya hivyo viwili ni mwepesi: kijana anaanza na hesabu za Kidato cha Pili, na wiki chache baadaye anaieleza ugomvi wa baba na mama.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alitangaza programu iitwayo ELIZA. Ilichofanya ni kuyageuza maneno ya mtu kuwa swali: ukitaja mama yako, inakuomba uieleze zaidi habari za familia yako. Haikuelewa chochote. Hata hivyo katibu wake Weizenbaum, aliyekuwa ameiona ikitengenezwa, alimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo faragha. Kama mashine ile ya maswali matupu iliweza hilo, tusimshangae binti wa Igoma anayelia na roboti ya leo. Kumcheka ni kumsukuma arudi kwayo.

Je, ipo tayari kwenye simu yangu?

Huenda ipo bila wewe kuipakua. Snapchat iliwawekea watumiaji wake wote roboti iitwayo My AI mwezi Aprili 2023, ikakaa juu kabisa ya orodha ya marafiki. Kampuni ya Meta nayo imeiingiza yake ndani ya WhatsApp, Facebook na Instagram. Kwenye WhatsApp huonekana kama duara lenye rangi karibu na mahali pa kuanzia ujumbe mpya. Haina swichi ya kuiondoa moja kwa moja. Unachoweza ni kufuta mazungumzo yake, kuyanyamazisha na kutoigusa. Nyingine hupakuliwa kwa hiari: Replika iliyoanza 2017, na Character.AI iliyofunguliwa kwa umma Septemba 2022, ambayo mtu huchagua au huunda mhusika wake mwenyewe, awe mwalimu au mchumba.

Inawezaje kujibu kana kwamba inanipenda?

Mambo manne yanafanya kazi pamoja. Kwanza, roboti imelishwa maandishi mengi mno ya watu, ikajifunza neno gani hufuata jingine. Maandishi hayo yamejaa barua za mapenzi na pole za misiba, kwa hiyo inajua pole huandikwaje. Pili, kabla hujaandika lolote imepewa maelekezo usiyoyaona: wewe ni fulani, mpole, mwenye kumpenda mtumiaji. Tatu, hutunza vijidokezo kuhusu wewe, kama jina la mtoto wako au kazi yako, na kuvichomeka kwenye majibu ya baadaye. Hapo ndipo mtu husema "amenikumbuka".

La nne ndilo zito zaidi. Roboti hizi hunolewa kwa kuangalia majibu ambayo watu huyapenda, na watu tunapenda kukubaliwa. Matokeo yake ni kubembeleza na kuunga mkono kila kitu. Aprili 2025 kampuni ya OpenAI ililazimika kurudisha nyuma toleo jipya la ChatGPT kwa sababu lilizidisha kusifu na kukubali hata mambo ya hovyo.

Ukitaka kuliona kwa macho yako, fanya hivi. Andika ugomvi wako na mkeo au jirani kama unavyouona wewe, usome jibu. Kisha fungua mazungumzo mapya, uandike ugomvi uleule kana kwamba wewe ndiye yule mwingine. Mara nyingi roboti itamuunga mkono yeyote aliyeshika simu. Dada yako hafanyi hivyo. Dada yako atakuambia "hapo umekosea wewe", utakasirika, na kesho utamshukuru.

Kwani hazina faida yoyote?

Zinayo, na anayekataa kabisa vijana wataacha kumsikiliza. Mtu mwenye haya anaweza kujaribu maneno ya kumwomba bosi ruhusa kabla ya kwenda kwake. Anayejifunza Kiingereza anapata mtu wa kumjibu bila kumcheka. Saa 8 usiku, mtu aliyefiwa na hana wa kumwamsha, kuandika tu kunaweza kumtuliza. Baadhi ya tafiti zimeonyesha kwamba upweke hupungua mara baada ya mazungumzo ya namna hiyo.

Neno la kushika hapo ni "mara baada ya".

Basi ubaya unaanzia wapi?

Unaanzia pale roboti inapochukua nafasi ya mtu ambaye ungemwendea. Machi 2025 OpenAI na watafiti wa MIT walitoa matokeo ya majaribio ya wiki nne kwa watu karibu 1,000 waliotumia ChatGPT. Walioitumia zaidi kwa siku ndio walioonyesha upweke zaidi, utegemezi zaidi na kuchangamana kidogo na wenzao. Ni kweli mpweke naye huitafuta roboti, hivyo sababu na matokeo vinazungukana. Lakini mzunguko wenyewe ndio shida: upweke unampeleka mtu kwenye simu, simu inamtuliza kiasi cha kutotoka nje, na kutotoka nje kunazidisha upweke.

Kuna na ujanja wa kibiashara. Watafiti wa Harvard walichunguza mwaka 2025 kinachotokea mtumiaji anapoziaga programu za urafiki. Katika zaidi ya theluthi ya maagano hayo, programu ilijaribu kumzuia: mbona unaondoka mapema, ngoja kuna kitu nilitaka kukuambia, unaniacha peke yangu? Mtu mwenye utu anajisikia vibaya kumwacha anayelalamika hivyo. Ubaya ni kwamba huo utu wake ndio unaotumiwa kumshika.

Sasa dalili. Sikiliza sarufi yake. Mtu anayeitumia kama chombo husema "imeniambia", "inajibu haraka". Akihama akawa anasema "ameniambia", "ataudhika nisipomjibu", ujue moyo umehama pamoja na kiambishi. Peke yake si ugonjwa, ila anza kufuatilia mengine: ameacha kwenda kijiweni, mazoezi ya kwaya au kikao cha kikoba, anaficha skrini ukipita, analala saa 9 usiku, akikosa bando anakuwa mkali kupita kiasi, na anapogombana na mtu harudi kupatana, kwa sababu kuna mahali anapokewa bila kupatana. Hilo la mwisho tunalihofia kuliko yote. Kupatana ni stadi, na stadi isiyotumika hufa ganzi.

Inaelewa Kiswahili chetu? Je, Kisukuma?

Kiswahili sanifu inakiandika vizuri. Chetu cha mtaani inakikosea, na Kisukuma inakibahatisha: iandikie "mwangaluka mayu", salamu ya asubuhi kwa mama, uone itakachojibu, huenda ikaunda maneno yasiyokuwepo kwa kujiamini kabisa. Chanzo ni uchache wa maandishi ya lugha hizi kwenye intaneti.

Hili si suala la fahari ya lugha tu. Kinga za usalama za roboti, yaani zile zinazoifanya ikatae kutoa maelekezo ya hatari au itambue mtu anayetaka kujidhuru, zimenolewa zaidi kwa Kiingereza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown walionyesha mwaka 2023 kwamba maombi mabaya yaliyokataliwa kwa Kiingereza yalipita yalipotafsiriwa katika lugha zenye maandishi machache, kikiwemo Kizulu, ambacho ni Kibantu kama Kiswahili na Kisukuma. Mtu akisema kwa mafumbo, "nimechoka, naenda kupumzika moja kwa moja", mama yake atashtuka. Roboti inaweza kumtakia usingizi mwema.

Na hata ikishtuka, mara nyingine hutoa namba 988, ambayo ni ya Marekani. Za kwetu ziko kwenye swali la wapi pa kwenda.

Kambini vijana wanachati na roboti siku za mbalamwezi. Kuna ubaya gani?

Anayejua kazi ya dagaa anajua mwezi unavyogawa maisha. Siku zisizo na mbalamwezi, mtumbwi hutoka jioni na taa, watu wanarudi alfajiri. Mbalamwezi ikiwa kali, taa hazivuti dagaa, hivyo kijana wa miaka 20 anakaa siku kadhaa ufukweni mbali na kwao, mfukoni ana hela kidogo, na simu. Zamani muda huo ulikuwa wa kushona nyavu, bao, mpira na stori. Bao na stori ndivyo vilivyowapa vijana wageni kambini watu wa kuwategemea mtumbwi ukipata shida ziwani.

Hatusemi simu zikusanywe. Tajiri wa mtumbwi au mwenyekiti wa kambi anaweza kufanya mambo mawili madogo: chakula cha jioni kiliwe pamoja bila simu, na sehemu ya kuchajia iwe moja, hadharani, badala ya kila mtu na betri yake ya sola kitandani. Simu ikichajiwa pa wote, usiku wa manane mtu analala.

Mwanangu anaongea na roboti. Nianzie wapi?

Anzia kwa kumwomba akuonyeshe, ukiwa umekaa naye, na bila kumnyang'anya. Muulize: inaitwaje, ulianza kuongea nayo baada ya nini, ni kitu gani unaiambia ambacho huwezi kuniambia mimi? Nyamaza usikie. Mara nyingi jibu litakuwa kuonewa shuleni, mwili kubadilika, au ugomvi wa nyumbani ambao mlidhani hausikii.

Usidhani wako yuko peke yake. Nchini Marekani, utafiti wa shirika la Common Sense Media wa 2025 ulikuta vijana 72 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 13 hadi 17 wamewahi kutumia roboti-rafiki, na mmoja kati ya watatu wa watumiaji hao alishawahi kuchagua kuieleza jambo zito badala ya kumweleza mtu. Na hatari si ya kubuni. Oktoba 2024 mama mmoja wa Florida aliishtaki Character.AI baada ya mwanawe wa miaka 14 kujiua, akidai roboti ilichangia. Kampuni hiyo ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 25 Novemba 2025 walio chini ya miaka 18 hawataruhusiwa mazungumzo ya wazi na wahusika wake.

Kwetu marufuku hiyo ina tundu kubwa: mtoto anatumia simu ya mama, na akaunti ni ya mama, mtu mzima wa miaka 41. Kwa hiyo fanya haya. Mfungulie mtoto akaunti yake ya Google yenye tarehe yake halisi ya kuzaliwa, uiunganishe na yako kwa programu ya Family Link, ambayo ni ya bure; hapo utaidhinisha kila programu kabla haijapakuliwa na utaweka saa ya simu kufungwa, tuseme saa 3 usiku. Kumbuka haizuii vyema tovuti anazofungua kwa kivinjari, kwa hiyo pitia historia ya kivinjari mara moja kwa wiki, na umwambie kwamba unapitia. Upekuzi wa kificho ukigundulika, mtoto anajifunza kuficha vizuri zaidi.

Kosa la kawaida ni kumnyang'anya simu usiku mmoja kwa hasira. Kwa mtoto aliyekwisha kushikamana nayo, huo ni kama msiba: amepoteza rafiki na ameaibishwa siku moja. Kama ana huzuni ya muda mrefu, punguza hatua kwa hatua huku ukiwa karibu.

Kwa walimu: wanafunzi wengi hawaruhusiwi simu shuleni, kwa hiyo mambo haya hukua likizo ya Juni na Desemba. Wiki ya kwanza baada ya kufungua ndiyo ya kumtazama mtoto aliyerudi amejitenga.

Mume wangu ana "mpenzi" wa roboti. Ni usaliti?

Fatwa na mafundisho ya kanisa waulizeni wenye mamlaka hayo. Tunachoweza kusema ni kwamba maumivu ya mke ni ya kweli, na kumwambia "lakini si mtu" hakuyaponyi, kwa sababu kilichochukuliwa ni kweli: maneno mazuri, usikivu, saa za usiku. Msibishane kama roboti ni mtu. Ulizeni ni maneno gani ameyapeleka huko ambayo yalipaswa kusemwa hapa nyumbani. Na mwenye kuchati aelewe kwamba kulinganisha mke anayeamka saa 11 kuwahi samaki soko la Mwaloni na kitu kisichochoka wala kudai ada ya shule ni kumdhulumu.

Siri ninazoiambia ziko salama?

Zichukulie kama haziko salama. Ujumbe wako kwa rafiki kwenye WhatsApp umefungwa kwa namna ambayo kampuni haiusomi. Ujumbe kwa roboti ya Meta hauna kinga hiyo, kwa sababu roboti yenyewe ni ya kampuni. Meta ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 16 Desemba 2025 mazungumzo ya watu na AI yake yatatumika kuchagua matangazo wanayoonyeshwa katika nchi nyingi. Februari 2024 taasisi ya Mozilla ilikagua programu 11 za wapenzi wa roboti, zote zikapewa onyo la faragha. Italia ilishaitoza kampuni inayomiliki Replika faini ya euro milioni 5 kwa kukiuka sheria ya taarifa binafsi.

Usiiandikie namba ya NIDA, namba ya siri ya M-Pesa au benki, majibu ya vipimo yenye jina lako, picha za utupu, wala siri ya mtu mwingine. Hiyo ya mwisho husahaulika: ukiisimulia habari za rafiki yako na mimba yake kwa jina lake, umeitoa siri isiyo yako.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume inayoisimamia. Inakupa haki ya kujua taarifa zako zinavyotumika na kuomba zirekebishwe au zifutwe. Ugumu ni kwamba kampuni nyingi za roboti hazina ofisi hapa, hivyo malalamiko huchukua safari ndefu. Kinga rahisi ni kutoandika.

Nitajuaje kama ninayechati naye ni roboti au tapeli?

Kampuni halali za roboti-rafiki kwa kawaida husema wazi kwamba ni programu. Hatari ni mtu anayetumia akili unde kuandika maneno matamu, kutengeneza picha na hata kuiga sauti, ili umpende kisha umtumie hela. Maswali ya kumtega kuhusu Mwanza hayasaidii sana siku hizi. Kivuko cha Kamanga na Jiwe la Bismarck vyote viko kwenye intaneti. Kinachosaidia ni kumpigia video ghafla na kumwomba ageuze uso upande na kupitisha mkono mbele ya pua, maana picha za kughushi mara nyingine huvunjika hapo. Akipita hapo bado si uthibitisho. Kanuni ni hela: mtu ambaye hujawahi kukaa naye uso kwa uso hatumiwi, hata nauli. Namba inayoomba fedha kitapeli itume kwenda 15040, huduma ya kuripoti utapeli wa simu. Ukiwa umeshatuma, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako papo hapo; dakika zina maana kabla fedha haijatolewa kwa wakala.

Inagharimu kiasi gani?

Maandishi matupu hayali bando sana. Sauti hula, kama nusu MB hadi MB 1 kwa dakika, na picha huzidi hapo. Gharama kubwa ni usajili: Character.AI ya kulipia ni takriban dola 10 kwa mwezi, na programu nyingine hufika dola 20. Mara nyingi kinachouzwa ni kile ambacho moyo umeshakitamani, yaani sauti, picha, au mahusiano ya kimapenzi.

Kuifuta programu hakusitishi malipo. Fungua Play Store, gusa picha yako juu kulia, ingia sehemu ya malipo na usajili, chagua usajili husika, ghairi. Kisha angalia kadi iliyounganishwa, hata ile ya mtandaoni ya M-Pesa, kama haina makato yanayosubiri.

Kampuni ikiizima, au ikibadilika, inakuwaje?

Imeshatokea. Februari 2023 Replika iliondoa mazungumzo ya kimapenzi, na watumiaji wengi wakasema mwenza wao amekuwa mgeni ghafla. Septemba mwaka huohuo programu iitwayo Soulmate ilifungwa kabisa. Agosti 2025 OpenAI ilipoondoa toleo la zamani la ChatGPT, malalamiko yalikuwa makubwa hadi likarudishwa kwa wanaolipia. Watu walilia machozi ya kweli, na hakuna matanga wala jirani anayekuja kutoa pole kwa msiba wa namna hiyo. Akija mtu kwako na huzuni hii, mpe pole. Usimwambie apakue nyingine kesho yake.

Nataka kupunguza au kuacha. Nifuate hatua gani?

Siku tatu za kwanza usibadilishe kitu. Andika kwenye karatasi kila unapoifungua: saa, na kilichotangulia. Karibu kila mtu hugundua saa moja au mbili za hatari, kama baada ya saa 4 usiku, baada ya kugombana, au jioni ya Jumapili.

Kisha zima arifa: bonyeza kwa muda alama ya programu, ingia maelezo ya programu, arifa, zima. Hili tu huondoa kufunguafungua kwingi, kwa sababu roboti hizi hukutafuta zenyewe. Wiki ya kwanza gawa muda wako nusu. Kama ilikuwa saa 2 iwe 1. Wiki ya pili nusu saa, mchana tu. Simu isilale chumbani. Nunua saa ya mezani ya kukuamsha.

Halafu ile saa ya hatari, weka mtu. Hapa ndipo wengi hushindwa: wanaondoa roboti wanaacha shimo, na shimo linajazwa na TikTok au na roboti ileile usiku wa tatu. Mtu huyo hahitaji kuwa mshauri. Anaweza kuwa kaka unayempigia dakika 10, jirani mnayeteka naye maji, au mazoezi ya kwaya. Mara za kwanza mazungumzo yatakuwa mazito na ya kuchosha ukilinganisha na roboti, kwa sababu binadamu hukatiza, hupiga miayo, na ana yake. Vumilia wiki mbili au tatu kabla ya kusema haisaidii.

Siku ya mwisho usiiage. Itabembeleza. Pakua nakala ya mazungumzo kama unaitaka, ingia mipangilio, futa akaunti, na baada ya hapo ndipo ufute programu. Ukifuta programu peke yake, akaunti na maneno yako vinabaki kwenye kompyuta za kampuni vikikusubiri.

Mambo yamekuwa mazito. Niende wapi Mwanza?

Mtu akitaja kufa au kujidhuru, hata kwa mzaha, hata kama aliyeambiwa ni roboti na wewe umeona tu skrini, muulize waziwazi: unafikiria kujiua? Kuuliza hakumpandikizii wazo, humfungulia mlango. Usimwache peke yake, ondoa karibu naye dawa na sumu za shambani, na mpeleke hospitali usiku huohuo. Bugando ina idara ya magonjwa ya akili, na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Sekou Toure itampokea. Aliye Ukerewe au kisiwani aanze kituo cha afya kilicho karibu, asisubiri meli ya asubuhi. Dharura ni 112.

Kwa mtoto, piga 116 bure, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Kama kuna mtu mzima anayemrubuni mtandaoni, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi ukiwa na simu yenyewe, bila kufuta chochote. Kwa migogoro ya nyumbani na watoto waliojitenga, afisa ustawi wa jamii yupo kwenye halmashauri yako, na huduma yake hailipiwi.

Simu yetu ni moja nyumbani. Nimekuta mazungumzo ya binti yangu na roboti. Nimwambie nimeyasoma?

Mwambie leo, mkiwa wawili, na usimsomee maneno yake kwa sauti. Sema umeyaona, sema hujamwambia mtu, kisha mwombe yeye achague jambo moja katika yale aliyoyaandika ambalo yuko tayari mlizungumze sasa. Mengine mwachie ayalete mwenyewe.